Kilichochanganyika si Mwanangu

Neno lenyewe lilianzia bombani siku ya Jumatano, na kufikia Ijumaa lilikuwa limeshapita mashineni wanakokoboa mahindi, limepita dukani kwa mitungi ya gesi, limeingia na kanisani likakaa benchi la mbele: Twilumba wa kwa Mgaya amechanganyikiwa. Eti amesoma mpaka kichwa kimejaa na kumwagika. Eti anaongea peke yake juu ya gesi. Eti anawasha taa bila umeme wala kiberiti. Mimi ndiye mama yake. Nimeishia la saba, nafuma masweta ya shule kwa mashine hapa Makambako, baridi ya huku ndiyo inayonilisha, na mwanangu yuko mwaka wa pili chuo kikuu anasoma fizikia. Neno hilo nililikataa kwa mdomo. Moyoni liliingia kama uzi unavyoingia kwenye tundu la sindano, na kila nilipolivuta litoke, lilikuja na jingine nyuma yake. Naandika haya kwa hasira, nasema mapema, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe. Naandika ili mama mwingine mwenye mtoto wa maswali asifike nilikofika mimi.

Aliyeniletea neno mpaka mlangoni, siku ya Alhamisi, ni jirani yangu, Mama Eusebia, tumetenganishwa na ua wa michongoma tu. Akasema, Mama Twilumba, mimi sisemi kitu, mimi si mtu wa maneno, unanijua. Nikamwambia, nakujua, sema. Akasema, nimemsikia mtoto kwa masikio yangu haya mawili, anasema kwenye simu, nimechanganyikiwa kabisa, sijui habari zimekwenda wapi. Alisema hivyo? Alisema hivyo, shoga, tena akasema uga ukibadilika ndipo umeme unatembea. Uga gani? Sasa uga gani tena, si huu wenu hapa mbele ya nyumba, kuna mtu amewabadilishia uga, mmefukiwa kitu. Nami, mtu mzima, badala ya kwenda kumuuliza mwanangu aliyekuwa jikoni anamenya viazi, nilikwenda kuchukua jembe. Nilichimba uga wangu mashimo matatu. Twilumba akatoka na kisu cha viazi mkononi. Mama, unachimba nini? Nachimba walichofukia. Nani kafukia? Waliobadilisha uga. Akacheka, kisha akaona uso wangu, akaacha kucheka. Mama, uga wa sumaku! Ni nafasi inayoizunguka sumaku, nguvu yake inapofika, si uga wa kufagia! Na hapo ndipo kosa langu lilipo, kwa sababu alikuwa ameshanionyesha kitu hicho wiki ileile aliyokuja likizo. Alichukua koni yangu tupu ya uzi, akaizungushia waya wa shaba aliotoa kwenye mota iliyoungua, mizunguko mingi, sawasawa, mkono wa mtu aliyelelewa na mfumaji, akaunga kitaa kidogo cha tochi, akachukua sumaku ya spika ya redio mbovu. Akaiweka sumaku karibu na waya, ikakaa. Giza. Akaanza kuipeleka na kuirudisha haraka, kitaa kikawaka na kuzima, kikawaka na kuzima. Akaniambia, unaona mama, sumaku ikitulia tu, hata ikae mwaka mzima hapo kando, haiwashi kitu, lazima ibadilike. Nikamwambia, vizuri, sasa niletee ule uzi wa bluu.

Basi siku ya mashimo sikuelewa, na kwa sababu sikuelewa nikakasirika, na kwa sababu nimekasirika nikaingia chumbani kwake, nikachukua daftari lake kubwa la maswali, nikalifungia sandukuni kwangu. Nikamwambia, basi la Jumanne liende bila wewe, chuo hurudi. Hakulia. Hakunijibu vibaya. Alianza tu kunijibu vizuri. Habari za asubuhi, Twilumba? Nzuri, mama. Umelalaje? Salama. Habari za mchana? Nzuri. Siku nne, nzuri. Na mimi nikajipa moyo kwamba ametulia, nikamwambia na Mama Eusebia kupitia ua kwamba mtoto ametulia, naye akasema, ashukuriwe Mungu, maana walioanza hivyo wengine wameishia kuvua nguo sokoni.

Jumatatu, saa nane mchana, jua la baridi, niko kwenye mashine. Sweta la bluu, mkono wa kushoto. Kigari kinakwenda kushoto kinarudi kulia, krr, krr, na macho yanafumba yenyewe, krr, na mkono wangu bado unasukuma, krr, na uzi unapita vidoleni, na mara naona uzi hautoki tena kwenye koni, unatoka chini ya mlango, unavutwa kutoka nje, na mimi nainuka, naufuata, nafungua mlango wa mbele, navuka kizingiti, na uga wangu si uga wangu.

Ni uga usio na mwisho, umefagiliwa, alama za fagio zinakwenda mpaka zinapokutana na mbingu, na mashimo yangu matatu yamezaa, yako safu kwa safu kama vitanzi kwenye sindano. Hakuna upepo. Makambako bila upepo, nani ameona? Nanyanyua mguu wa kulia, siendi. Nanyanyua wa kushoto, siendi. Natembea na niko palepale. Mbele yangu kuna mtu amesimama, amevaa sweta nililofuma mimi, naujua mkono wangu, lakini juu ya kola hakuna uso, kuna kitu laini kama kisigino cha soksi. Namwambia, wewe, nipishe, namtafuta mwanangu. Anasema, uga uliotulia haumsukumi mtu. Namwambia, sijakuuliza uga, nimekuuliza njia. Anasema, njia haipo, njia inazaliwa. Namwambia, hivi nyie wa huku hamwezi kujibu kama watu? Anasema, nimekujibu kama uga. Hapo hasira inanipanda kutoka kwenye nyayo, ile ile ya siku nne, nakanyaga chini kwa mguu wote kama naua nge, na uga unatikisika, unapiga wimbi kama shuka linalokung'utwa, na palepale kitu kinanisukuma mgongoni, na mbele yangu ardhi inajifungua kuwa barabara. Kumbe ndiyo hiyo. Mwaka mzima naweza kusimama hapa napenda, napenda, napenda, na kitaa kisiwake. Nakanyaga tena, nasukumwa tena.

Barabara inakwenda na mimi nakwenda nayo. Kando ya barabara napita mashine yangu ya kufuma, iko peke yake, inafuma bila mtu, krr, krr. Natembea muda mrefu, nainama, nainuka, napita mashine yangu tena, ileile, sweta limeongezeka mstari mmoja. Napita tena. Mstari mwingine. Naanza kutukana barabara kwa jina la aliyeichora, na ndipo namwona Twilumba mbele, mgongo wake, na ule mkoba wake wa chuo begani. Naita. Hageuki. Nakimbia. Anazidi kwenda mbali, lakini miguu yake haiendi, anasogezwa tu, kama kitu kinachosukumwa na nafsi yangu. Naongeza mbio, naye anaongeza. Nasimama nihemee, naye anasimama. Nachomoka ghafla nimshtukize, naye anarushwa mbali ghafla vilevile, kipimo kilekile. Yule asiye na uso yuko kando yangu, yuleyule au mwenzake, sijui, hawana cha kumtambulia mtu. Anasema, kinachozaliwa na mwendo wako kinapinga mwendo wako. Namwambia, acha upuuzi, huyo nimemzaa mimi! Anasema, ndiyo maana. Nanyanyua mkono nimzabe kofi, lakini nitamzabia wapi, hana shavu. Anasema, ukija kwa nguvu utapingwa kwa nguvu, ukija taratibu utapingwa taratibu. Namwambia, na ukiwa na haraka? Anasema, haraka ya nani? Na ninapogeuka kumtazama Twilumba, hayupo, barabara imeingia mjini.

Mji wenyewe ni nyumba moja ndefu yenye ukuta katikati, na ng'ambo ya barabara kuna mji mwingine kama huo, kama mtu na kioo chake. Mlangoni kuna karani amekaa kwenye kiti cha shule, naye hana uso, ana kitabu kikubwa na kalamu sikioni, sikio lenyewe halipo, kalamu imejishikia tu. Namwambia, namtafuta Twilumba Mgaya. Ananiambia, tazama kwanza. Upande wa kushoto wa ukuta watu wote wamevaa masweta mekundu, upande wa kulia wote bluu, wanatembea haraka, wanagongana, wanagonga kuta, wanarudi, hawachoki na hawaendi popote. Karani anasema, leo kitabu changu kinajua, wekundu kushoto, wabluu kulia, ukiniuliza yeyote nakujibu. Kisha ukuta unanyanyuliwa kama pazia. Hakuna anayeamrishwa. Wanaendelea tu kugongana walivyokuwa wakigongana, na kabla sijameza mate wekundu wako kila mahali na wabluu wako kila mahali. Namwambia, warudishe. Anasema, hakuna anayewakataza kurudi, wanaweza kurudi wenyewe, kila mwekundu kwake na kila mbluu kwake, ngoja. Ningoje mpaka lini? Mpaka jua lizimike, halafu anza kungoja upya. Namwambia, sasa kimepotea nini, watu si ni walewale, na masweta si ni yaleyale? Anageuza kitabu, ananionyesha, na ukurasa uliokuwa umejaa unafifia neno moja moja kama nguo inayochuja. Anasema, watu walewale. Zilizopotea ni habari.

Sijui habari zimekwenda wapi. Hilo si ndilo alilolisema mwanangu kwenye simu? Alikuwa anamwambia mwenzake wa chuoni juu ya gesi, jamani, gesi mbili kwenye chombo, ukuta umeondolewa, zimechanganyika, na swali limemchanganya kichwa kama swali linavyomchanganya mtu yeyote mwenye kichwa, na jirani yangu mwenye masikio mawili akachukua kipande akakirusha bombani. Namuuliza karani, kwa hiyo kilichochanganyika ni gesi? Ananijibu, kilichochanganyika ni gesi. Anafunga kitabu. Ananiuliza, na aliyechanganyikiwa ni nani? Naliona jembe langu.

Ananyosha kidole ng'ambo, kwenye mji wa pili. Mwanao ameingia kule, upande wa kushoto. Navuka. Mji wa pili ni uleule, ukuta uleule, karani yuleyule ameshafika kabla yangu na kiti chake. Lakini huku kushoto wote wamevaa bluu, na kulia wote wamevaa bluu, sweta la shule, kola ya V, mistari miwili mikononi, kazi yangu, kila moja kazi yangu, miaka yote niliyofuma imesimama pale na kutembea. Na wote ni kisigino cha soksi. Namwona Twilumba akiingia kati yao, namwona mkoba, mkoba unayeyuka, simwoni. Karani anashika kamba ya ukuta. Namwambia, usiuondoe huo ukuta! Anasema, kwa nini, kushoto bluu, kulia bluu, wakichanganyika kitabu changu hakitapoteza hata herufi. Namwambia, mwanangu atapotea! Anasema, kama hakuna anayeweza kumtofautisha, hakuna kilichopotea. Anasema hivyo polepole, kama mtu anayesoma tangazo. Nampigia meza ambayo hana. Namwambia, sikiliza wewe kisigino, mimi namtofautisha, mimi ni mama yake, alipokwenda bweni kidato cha kwanza nilimtia uzi wa kijani ndani ya kola ili sweta lake lisichanganyike na ya wenzake, mishono mitatu, nitamjua hata gizani. Anasema, basi mtofautishe. Na anaivuta kamba.

Ukuta unaondoka na hakuna kinachoonekana kubadilika. Hiyo ndiyo inayoniumiza. Bluu ndani ya bluu. Naingia katikati yao, wananigonga mabega, namshika wa kwanza, nageuza kola, mishono mitatu ya kijani. Mungu wangu, ndiye. Namshika usoni, kisigino. Namwachia, namshika wa pili, mishono mitatu ya kijani. Wa tatu, kijani. Wa kumi, kijani. Namgeukia karani, nani ameiba alama yangu? Anasema, ulifuma wewe. Naita, Twilumba! Na kutoka kila upande, juu na chini, sauti elfu kwa elfu zinaniitikia, abee mama, sauti moja, adabu moja, mpaka masikio yananiuma kwa adabu. Karani amefungua kitabu. Anasema, usipige kelele, nipe habari za mwanao niandike, nitakutafutia. Habari za mwanao? Nasema, nzuri. Haandiki. Narudia, nzuri tu. Anasema, hilo nililijua kabla hujafungua mdomo, na jambo ninalolijua kabla halijasemwa si habari, ni kelele ya adabu. Nipe nisilolijua. Namwambia, amechanganyikiwa. Anacheka, bila mdomo anacheka, anasema, hilo wamelileta wote waliotoka bombani, lina alama za vidole mpaka limechakaa. Nipe lako. Unajua nini juu ya mtoto huyu ambacho kisingeweza kusemwa juu ya mwingine?

Nasimama katikati ya masweta yangu, na nawaambia ukweli enyi mama wenzangu, sina. Nina tarehe aliyozaliwa, nina uzito wake kliniki, nina chakula asichokipenda, na kila kimoja nikikitaja karani anatikisa kitu kilichopaswa kuwa kichwa, anasema, wapo wengine kama huyo. Siku nne nimekusanya nzuri, nzuri, nzuri, na mfuko ni mtupu. Hasira inarudi, lakini safari hii haina pa kwenda, inanizunguka na kunirudia. Ndipo nakumbuka sanduku. Nilipokuwa nalifungia daftari, lilifunguka lenyewe mikononi, na kabla sijabamiza mfuniko niliona mstari mmoja, wa kalamu nyekundu, umepigiwa mstari chini mara mbili. Sikutaka kuusoma. Macho yaliusoma bila ruhusa yangu. Navuta pumzi, naupaza juu ya vichwa vyote vya soksi, kama anayetangaza mbuzi aliyepotea: Gesi mbili zikichanganyika, na mimi siwezi kuzitofautisha, je, kuna kitu kimepotea, au ni kutokujua kwangu tu ndiko kumeongezeka?

Masweta elfu kwa elfu yanaendelea kugongana, hayakusikia kitu, swali si lao. Mmoja anasimama. Mmoja tu, mbali, karibu na ukuta wa mwisho, anasimama na kugeuka, na kadiri anavyogeuka kile kisigino kinapata nyusi, kinapata pua ya marehemu baba yake, kinapata macho, na macho yamekasirika. Kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi mwanangu ananitazama kwa hasira, na sijawahi kuona kitu kizuri namna ile. Anasema, umesoma daftari langu. Nasema, mstari mmoja. Mmoja tu? Mmoja tu, mwanangu, nao sikuuelewa. Mguu wangu unataka kukimbia. Naukataza. Naenda taratibu, kama naokota kitanzi kilichodondoka, unajua ukikivuta kwa pupa sweta zima linafumuka, naenda kidole kwa kidole, na kila hatua kuna kitu kinanisukuma nyuma kidogo, kidogo tu, kinavumilika, na yeye anasimama, harushwi, anasimama. Karani anaandika. Nasikia kalamu, krr. Nafika. Nanyosha mkono nimshike bega, krr, bega ni la sufu, krr, krr.

Mkono wangu uko kwenye kigari cha mashine. Jua liko palepale dirishani. Sweta limefumwa, mkono wa kushoto, lakini mkono wenyewe umefika sakafuni na kujikunja, mrefu kuliko mtoto yeyote wa shule yoyote, na vitanzi vyote ni sawasawa. Twilumba amesimama mlangoni, amevaa lile sweta lake la zamani la bweni kwa ajili ya baridi. Anasema, mama, huo mkono unamfumia twiga? Siulizi habari za mchana. Naenda chumbani, nafungua sanduku, natoka na daftari, na naenda taratibu, maana bado nausikia ule msukumo mdogo kifuani. Nampa. Namwambia, gesi mbili zikichanganyika na mimi siwezi kuzitofautisha, kuna kitu kimepotea, au ni kutokujua kwangu? Analipokea kwa mikono miwili. Mama, nani amekwambia? Jibu kwanza. Anakaa chini palepale sakafuni juu ya mkono wa twiga. Anasema, kama ni gesi mbili tofauti, kuna kitu nilikijua na sasa sikijui. Kama ni gesi ileile pande zote, hakuna kilichopotea, kwa sababu hapakuwa na cha kujua. Lakini mama, nani anaamua kwamba ni ileile? Kama mimi macho yangu ni mabovu na mwenzangu anaona tofauti, je? Hapo ndipo nilipokwama. Wiki nzima natafuta mtu wa kumwambia nimekwama. Namwambia, mimi nipo. Anasema, ulikuwepo, mama, hata sumaku ya redio ilikuwepo. Sijawahi kutukanwa vizuri hivyo.

Ndipo nanyosha mkono, nageuza kola yake. Ana mishono mitatu. Ya njano. Namwambia, nilikutia kijani. Anasema, siku zote ni njano, mama, kijani ulimtia Eusebia wa hapo jirani, tulipelekwa bweni siku moja, umesahau? Namtazama macho, pua, nyusi. Anasema, unanitafuta nini shingoni? Nasema, hakuna. Jumanne amepanda basi, daftari liko mapajani, amenipungia mkono dirishani kwa hasira kidogo iliyobaki, na nimerudi nyumbani nikachukua jembe kufukia mashimo ya uga. Nilichimba matatu. Nimefukia manne. Upepo wa Makambako ulikuwa umetulia kabisa, na sijui, mpaka ninapoandika hapa sijui, kama niliamka kwenye mashine au kama nimefuma mkono mrefu nikaingia ndani yake. Ninachojua ni kwamba niliyempa daftari alilijua swali. Naomba iwe imetosha.

Basi wewe mama unayesoma, haya uyaepuke:

Usiulize habari kama jibu unalo tayari.

Usikubali nzuri siku ya pili. Mimi nilikubali mpaka ya nne.

Usiseme mtoto amechanganyikiwa kabla hujauliza kimechanganyika nini.

Usisikilize simu ya mtoto wa mwenzio kupitia ua. Mama Eusebia, nakusema wewe, na ukija kuniuliza nitakusema tena.

Usichimbe uga.

Usilifungie daftari la mtu. Kama umeshalifungia, lifungue usome, hata mstari mmoja, hata usipouelewa.

Usimkimbilie mtoto aliyekupa mgongo.

Usikae tu kando yake kama sumaku ya redio mbovu ukasema unapenda.

Usilale mashineni mchana.

Usitegemee rangi ya uzi.